Laini Ilikuwa Oraba, Mwenyewe Je?

Rekodi ya kampuni ya simu ikiletwa mahakamani Arua au Koboko, yenyewe husema jambo moja tu: laini fulani ilinaswa na mnara fulani, saa fulani. Kwamba mshtakiwa alikuwa Oraba, mpakani, usiku huo ni nyongeza ya upande wa mashtaka. Nyongeza hiyo ni nzito hasa Koboko, wilaya ya Uganda inayopakana na Sudani Kusini na Kongo. Mawimbi hayagongewi muhuri forodhani, wachuuzi wa Ariwara na Kaya, ng'ambo ya mpaka, hutembea na laini mbili, na laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mjomba yaweza kuwa mfukoni mwa mpwa.

Kwamba rekodi inalingana na maelezo ya polisi si ajabu; isingelingana isingeletwa. La kupima ni hili: ingetarajiwa kwa kiasi gani ikiwa mshtakiwa ndiye, na kwa kiasi gani ikiwa siye? Tuseme ingetokea mara 90 katika 100 kama alikuwa mpakani, na mara 60 kama alilala kijiji cha jirani. Basi uzito wake ni mara moja na nusu tu, nao haumfungi mtu. Tena rekodi yenyewe yaweza kuwa na kasoro. Denmark ililijua hilo kwa gharama: mwaka 2019 ilisitisha kwa miezi miwili matumizi ya data za simu mahakamani, na kesi zaidi ya 10,000 zikapitiwa upya, baada ya programu ya polisi kugunduliwa kuwa ilidondosha sehemu ya data.

Wapo watakaosema kila mhalifu atajitungia maelezo mbadala. Na ajitungie, ila maelezo nayo hudaiwa ushahidi. Kama simu ilikuwa kwa mpwa, laini ile usiku ule ingepiga kwa marafiki wa mpwa. Kama haikufanya hivyo, utetezi umeporomoka. Na kupambanua hivyo kunawezekana. Katika kesi ya mabomu ya Kampala ya 2010, simu iliyopatikana Makindye pamoja na mkanda wa mabomu ambao haukulipuka iliwafungulia wapelelezi njia. Hata hivyo, mwaka 2016 Jaji Owiny-Dollo aliwatia hatiani washtakiwa wanane, watano akawaachia.

Wala mahakimu hawalazimiki kuwa wanahisabati. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Uganda, iliyotungwa 2011, tayari inawataka wapime jinsi rekodi ilivyozalishwa na kutunzwa. Mshtakiwa maskini hana fedha za kumlipa mtaalamu wake. Lakini wakili wake anaweza kumuuliza shahidi wa serikali, bila gharama yoyote, ni maelezo gani mengine aliyapima kabla ya kuandika ripoti.