Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Pale Mwajiriwa Mpya Anapolipwa Zaidi

Ni habari chache zinazouchoma moyo wa mfanyakazi wa miaka mingi kama hii: kwamba kijana aliyeajiriwa juzi, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, hupokea mshahara mkubwa kuliko wake. Habari hiyo haiji kwa barua rasmi. Huja kwa karatasi iliyosahauliwa juu ya mashine ya kutoa nakala, kwa tangazo la kazi lililotaja mshahara, au kwa ulimi wa mwenzake ulioteleza wakati wa chai. Akirudi nyumbani, aila nzima huonja uchungu wake. Mume hununa, mke huuliza kulikoni, na watoto husikia kwa mara ya kwanza kwamba kazi ya baba, au ya mama, haina thamani waliyoidhania.

Twaliandika jambo hili tukiitazama Kisumu, kwa sababu mbili. Kwanza, nyumba nyingi za pwani zina ndugu au mtoto aliyekwenda kutafuta riziki upande wa ziwa. Pili, mwambao ule wa Ziwa Victoria umeshuhudia, kwa zaidi ya karne moja, takriban kila aina ya tofauti ya mshahara: ya dhulma iliyo wazi, ya kanuni zisizolingana, na ile iliyo na sababu zake. Mwenye kujua kutofautisha aina hizo hatakurupuka, wala hatanyamaza pale apaswapo kusema.

Tuanze na reli. Njia iliyoanzia Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa mwezi wa Disemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Katika reli na katika afisi za serikali ya kikoloni kulikuwa na ngazi tatu za mishahara: ya Mzungu, ya Mhindi na ya Mwafrika. Kwa hiyo kijana wa Kiingereza aliyeshuka melini Kilindini mwezi uliopita aliweza kulipwa zaidi ya karani Mwafrika aliyeijua kazi kwa miaka. Hata baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Tume ya Holmes, katika ripoti yake ya mwaka 1948, iliiacha kanuni ya kwamba Mwafrika mwenye sifa sawa na Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa mwenzake: palipo na shilingi 100, yeye apate 60. Mpaka ilipokuja Tume ya Lidbury, mwaka 1954, ndipo ilipopendekezwa ngazi za rangi ziondolewe. Tofauti ile haikuwa na uhusiano wowote na kazi yenyewe. Mtu alilipwa kwa ngozi yake, na hiyo ni dhulma isiyohitaji mufti kuieleza.

Aina ya pili yaonekana katika historia ya walimu. Kabla ya uhuru, mwalimu wa kandokando ya ziwa, sawa na mwenzake wa Kilifi au Taita, aliweza kuwa mwajiriwa wa misheni au wa bodi ya elimu ya wilaya, kila mwajiri na masharti yake. Walimu wawili wa somo moja waliishi kwa masharti mbalimbali kwa sababu tu ya mlango walioingilia. Chama cha walimu, KNUT, kilipoundwa mwaka 1957, miongoni mwa madai yake makubwa lilikuwa kupatikana kwa mwajiri mmoja wa walimu wote. Na mwaka 1967 ikaanzishwa Tume ya Huduma ya Walimu. Tangu hapo mwalimu hujua daraja lake na la mwenzake. Magomvi juu ya mishahara ya walimu hayajakwisha, lakini hugombewa hadharani, juu ya jedwali ambalo kila mmoja aweza kulisoma.

Katika sekta ya afya mambo hayakunyooka hivyo. Mpango wa Afya kwa Wote ulizinduliwa Kisumu mwezi wa Disemba 2018, na kaunti hiyo ikawa mojawapo ya nne za majaribio, pamoja na Nyeri, Isiolo na Machakos. Mwaka 2020 serikali kuu iliajiri maelfu ya wahudumu wa afya kwa mikataba ya muda chini ya mpango huo, ikawapeleka katika kaunti mbalimbali. Kwa miaka kadhaa walilalamika kwamba hulipwa pungufu kuliko wenzao wa kudumu wenye vyeti vilevile na wanaohudumia wodi zilezile, na mwaka 2025 wakapiga kambi nje ya Afya House jijini Nairobi kudai walinganishwe nao. Muuguzi wa mkataba wa mwaka 2020, akiajiriwa mwenzake mgeni na kaunti kwa masharti ya kudumu, alijikuta katika hali hii hasa tunayoizungumzia.

Lakini palikuwapo pia mtu wa tatu katika zahanati zilezile. Kwa miaka mingi eneo la Kisumu, Siaya na Homa Bay limekuwa na miradi ya ukimwi na malaria iliyofadhiliwa kutoka nje, hususan na Marekani. Mhudumu aliyeajiriwa na mradi aliweza kulipwa zaidi ya mwenziwe wa serikali aliyemtangulia kwa miaka kumi. Wengi walimwonea gere. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na waajiriwa wengi wa miradi wakarudishwa nyumbani, baadhi yao bila ya muda wa kujitayarisha. Yule wa serikali, aliyejiona maskini, alibaki na kazi yake. Ndipo ikadhihirika kwamba tarakimu ya mwisho wa mwezi si ujira wote. Uhakika wa kazi, bima ya matibabu, kiinua mgongo na likizo pia ni mali, na mwenye kulinganisha apaswa kuvitia vyote katika mizani.

Katika kampuni na maduka, sababu mara nyingi ni ya soko. Mshahara wa mtu hupangwa siku anayoingia. Baadaye huongezwa kidogo kidogo, ilhali bei ya ujuzi wake huko nje yapanda kwa kasi nyingine. Mgeni huajiriwa kwa bei ya leo. Mwenyeji hubaki na bei ya jana pamoja na nyongeza zake. Aidha, mgeni huja baada ya kupatana, na pengine huacha kazi nyingine, kwa hiyo lazima avutiwe. Mwenyeji huchukuliwa kuwa hatakwenda popote. Hata Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 230, yaitaka Tume ya Mishahara na Marupurupu iangalie mambo haya pamoja: utumishi wa umma uweze kuvuta na kubakisha wenye ujuzi, utendaji wa mtu utambuliwe, na pawe na uwazi na haki. Waajiri wengi hukumbuka kuvuta, wakasahau kubakisha.

Dini yetu yatufunza nini hapa? Katika Sahihi ya Bukhari imo hadithi ya Abdullah bin Umar (R.A.) iliyo karibu mno na kisa hiki. Mtume (S.A.W.) aliufananisha umma wake na umma zilizotangulia kwa mfano wa vibarua wa zamu tatu. Wa kwanza walifanya kazi hadi adhuhuri, wakapata kirati kimoja kimoja. Wa pili walifanya hadi alasiri, nao wakapata kimoja kimoja. Wa mwisho, walioshika kazi alasiri hadi magharibi, walipewa viwili viwili. Waliotangulia walipolalamika, waliulizwa kama wamepunguziwa chochote katika haki yao. Wakakiri kuwa hawakupunguziwa. Wakaelezwa kwamba ile ziada ni fadhila, na fadhila hupewa amtakaye mwenye kuitoa.

Asije mwajiri akaifanya hadithi hii kuwa kufuli la midomo ya watu. Yazungumzia fadhila za Mwenyezi Mungu kwa umma huu, na hakuna mwenye duka wala mkurugenzi aliye na cheo hicho. Hata hivyo, mpangilio wake watupa mwongozo. Swali la haki limetangulia. Fadhila imetajwa baada ya haki kutimizwa. Mfanyakazi naye ajiulize kwa mpangilio huohuo: je, mimi nimepunguziwa haki yangu, au mwenzangu amezidishiwa kwa sababu? Ikiwa mgeni ana ujuzi nisio nao, au dhamana kubwa zaidi, au amekubali mkataba wa muda usio na kinga, basi hilo ni fungu lake. Kutamani kufikia alipofika bila ya kutaka aporomoke ni ghibta, nayo haina dhambi. Kutaka aporomoke ni husuda. Ikiwa kazi ni moja, dhamana ni moja, na hakuna sababu ielezekayo, basi haki imepunguzwa, na kuidai si ukosefu wa kukinai.

Watu wa bahari na wa ziwa hawahitaji kufunzwa jambo hili. Katika chombo cha Lamu au Vanga, fungu la nahodha hulizidi la baharia, wala hapana anayenuna, kwa kuwa mgao ulijulikana kabla ya tanga kupandishwa. Nabii Musa (A.S.) vilevile, alipoajiriwa Madyan, alijua tangu mwanzo kwamba ni miaka minane, na kumi ikiwa atapenda mwenyewe. Kinachotia sumu makazini ni mgao unaofichwa, kisha ukafichuka.

Basi aliyefikwa na jambo hili afanye nini? Kwanza, athibitishe. Mshahara wa mtu hutiwa chumvi, na wengine hutaja jumla kabla ya makato ilhali wewe wahesabu kilichobaki mkononi. Pili, aandike kazi azifanyazo, dhamana zilizoongezeka tangu alipoingia, na vyeti alivyopata, kisha auangalie mkataba wake na hati zake za mshahara. Tatu, aombe kuonana na mkubwa wake, azungumze juu ya thamani ya kazi yake mwenyewe, wala asimfanye mgeni kuwa mshitakiwa. Yule kijana hakumdhulumu mtu, aliomba akapewa. Tena yeye ndiye ushahidi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone: mshahara wa mgeni waonesha bei ambayo mwajiri yuko tayari kuilipa kwa kazi hiyo, na hoja yenye nguvu kuliko hiyo ni adimu.

Asipojibiwa, aandike barua, abaki na nakala. Kifungu cha 41 cha Katiba champa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chamtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi zenye thamani sawa, na pakiwa na madai ya ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kuwa hakubagua umo juu ya mwajiri. Sheria hiyohiyo yasema kwamba kuwasilisha lalamiko lenye msingi si sababu halali ya kumfukuza mtu. Lakini isifahamike vibaya: mwajiri aweza kueleza tofauti kwa uzoefu, sifa au majukumu, na maelezo hayo yakisimama, kesi huanguka. Milango ni chama cha wafanyakazi, afisa wa leba, na mwisho Mahakama ya Ajira, ambayo Kisumu ipo kama ilivyo Mombasa. Madai ya mkataba wa kazi yana muda wa miaka mitatu; mwenye kusubiri huruma kwa miaka kumi hukuta mlango umefungwa.

Huku akidai, asiipunguze kazi. Ahadi ya kazi ni amana, na mwenye kufika saa nne ili kulipiza, au kuchukua cha dukani kwa jina la kujifidia, amebadilisha haki yake kwa khiyana. Akiona mlango haufunguki, kuhama pia ni jawabu la heshima, baada ya kushauriana na watu wa nyumbani, kuswali istikhara na kupata kazi nyingine mkononi.

Limesalia moja, nalo latuhusu sisi wenyewe. Wasomaji wetu wengi si waajiriwa tu. Wana maduka, ni wajumbe wa kamati za misikiti, ni wasimamizi wa madrasa. Yuko maalimu aliyefundisha watoto wetu kwa miaka ishirini kwa posho ya kubahatisha, kisha akaja mwalimu mpya mwenye shahada akapangiwa mshahara kamili, na maalimu akaambiwa awe na subira kwa sababu ujira wake uko kwa Allah. Ujira wa akhera hauifuti deni la duniani. Mtume (S.A.W.) alihimiza kibarua alipwe kabla ya jasho lake kukauka, basi la mtu wa miaka ishirini limekauka mara ngapi?

Kila kamati na kila mwenye biashara na afungue daftari lake kabla ya kumwajiri mgeni mwingine. Amtazame mwenyeji aliyepo, amwongeze anachostahiki, au amweleze kwa uso mkunjufu kwa nini haiwezekani na lini itawezekana. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa watimizao vipimo, na azibariki riziki za watoto wetu walio Kisumu na kwengineko. Amin.