Pampu Inayozimika Ikipunguzwa Mwendo

Mkulima, ikiwa injini ya pampu yako yanguruma vizuri ikienda mbio, lakini ukiipunguza inazimika, usikimbilie kukaza skrubu ya mwendo. Wengi hufanya hivyo. Ubovu hubaki pale pale, na petroli inaliwa bure wakati nyanya zinangoja maji.

Mara nyingi kosa ni petroli iliyolala. Ikikaa miezi ndani ya kabureta huacha utomvu, nao huziba kitundu chembamba cha petroli ya mwendo wa pole. Kitundu kikubwa cha mwendo wa mbio hubaki wazi, ndiyo maana injini yakudanganya kwamba ni nzima.

Kwanza hakikisha choki imerudishwa mahali pake na chujio la hewa ni safi. Kisha zima injini, ingoje ipoe, toa petroli ile, fungua kabureta, osha kitundu kwa petroli safi na ukipulize kwa pampu ya baisikeli. (Sigara iwe mbali, tafadhali.) Usikichokoe kwa waya, kikipanuka utanunua kingine.

Bado yazimika? Tazama gasketi iliyo kati ya kabureta na injini. Ikipasuka hupenyeza hewa. Skrubu irekebishwe mwisho, injini ikiwa moto.

Na kabla ya kuiweka pampu ghalani, funga petroli uiache injini ijizimikie yenyewe.