Saratani ya Mlango wa Kizazi na Urefu wa Njia ya Tabora

Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Kazeh, mji wa misafara huko Unyanyembe ambao leo ni Tabora. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wameizoea njia hiyo zamani: walishuka na pembe za ndovu, wakapanda na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, ilikuwa imefuata karibu mkondo uleule. Na mpaka leo, mwanamke wa Sikonge, Uyui au Kaliua akigundulika ana saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusambaa, mara nyingi safari yake huelekea hukohuko pwani, zaidi ya kilomita 800, hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale Wajerumani walipojenga hospitali yao miaka ya 1890. Wengine hupanda kaskazini, Bugando, Mwanza.

Kufika ni mwanzo tu. Mionzi ya nje hutolewa kidogo kidogo, siku 5 kwa wiki, kwa muda wa wiki 5 hivi. Ndipo hufuata mionzi ya ndani, ambapo chanzo cha mionzi hupitishwa ukeni na kusogezwa hadi kwenye uvimbe wenyewe. Katika wiki za mionzi ya nje kuna pia dripu ya dawa iitwayo sisplatini, mara moja kwa wiki. Yote hayo yanatakiwa yakamilike ndani ya wiki 8, maana matibabu yakivutwa zaidi ya hapo uwezekano wa kupona hupungua. Wiki 8 kwa mama aliyeacha watoto nyumbani na tumbaku shambani ni muda mrefu mno. Anahitaji nauli, pa kulala, chakula na mtu wa kumuuguza, na michembe aliyofungasha kutoka nyumbani haimfikishi mbali. Kwa hiyo ninaposoma habari za utafiti mpya wa saratani, swali langu la kwanza ni hili: mwanamke huyu anapunguziwa njia kwa kiasi gani?

Tuanzie mwisho wa njia, kwenye tiba. Habari iliyosikika zaidi ulimwenguni ni ya dawa za kuamsha kinga ya mwili. Seli za saratani zina mbinu ya kuzilaza seli za kinga zisiwashambulie. Dawa ya pembrolizumabu huivunja mbinu hiyo. Katika utafiti mkubwa uliohusisha wanawake 1,060 wenye saratani ya mlango wa kizazi iliyofika mbali, miongoni mwa walioongezewa dawa hiyo juu ya mionzi na sisplatini, waliokuwa hai baada ya miaka 3 walikaribia 83 kwa kila 100, dhidi ya 75 kwa wasioongezewa. Ni hatua kubwa kweli. Lakini bei yake ni mzigo hata kwa nchi tajiri, na sioni namna ambayo familia ya Urambo ingeimudu leo.

Habari ya pili ilitajwa kwa sauti ndogo, na mimi naipa uzito zaidi. Oktoba 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa INTERLACE, uliosimamiwa kutoka chuo kikuu cha UCL, London, ukawashirikisha wanawake 500 wa Uingereza, Mexico, India, Italia na Brazil. Nusu yao walipewa kwanza dawa mbili za zamani, kaboplatini na paklitakseli, kila wiki kwa wiki 6, kisha wakaingia kwenye mionzi ya kawaida. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai katika kundi hilo walikuwa 80 kwa kila 100. Katika kundi lililopata mionzi na sisplatini pekee walikuwa 72. Dawa hizo mbili zimetumika kwa miongo mingi, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na zinatengenezwa na viwanda vingi. Faida ya watu 8 katika kila 100, kwa dawa tunazozijua, si kitu cha kupita juu juu.

Ila kuna sharti ambalo lisisahaulike. Katika utafiti ule mionzi ilianza wiki ya 7, mara tu dawa zilipomalizika. Mgonjwa anayemaliza dawa kisha akangoja foleni ya mashine kwa miezi miwili atakuwa amepata tiba nyingine kabisa, ambayo INTERLACE haikuipima. Dawa hizo zisigeuzwe njia ya kumliwaza mgonjwa aliyekosa zamu ya mionzi.

Tusogee sasa bara, kabla saratani haijawa saratani. Karibu kila saratani ya mlango wa kizazi hutokana na virusi vya papiloma, HPV, jambo alilolianika Harald zur Hausen wa Ujerumani miaka ya 1980 na lililompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana, na wanawake wengi miili yao huvifukuza yenyewe. Kwa wachache hubaki, vikazibadili seli taratibu, na mara nyingi hupita miaka 15 hadi 20 kabla ya saratani kamili. Kwa anayeishi na VVU bila matibabu muda huo hufupika sana, na kwa ujumla hatari ya wanaoishi na VVU ni takriban mara 6 ya wanawake wengine. Miaka hiyo yote ni nafasi ya kuuzima ugonjwa, nasi tunaipoteza: Tanzania hupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kila mwaka, na vifo zaidi ya 6,000.

Kipimo kilichotufikisha hapa tulipo ni siki. Muuguzi humlaza mama kitandani, huweka kifaa cha kupanua njia, huwasha taa, kisha hupaka mlango wa kizazi siki iliyopunguzwa makali kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti. Husubiri dakika moja. Sehemu yenye seli zilizoharibika hugeuka nyeupe, yenye kingo zinazoonekana wazi, na zile nzima hubaki na wekundu wake. Ni kipimo cha bei ndogo na jibu hupatikana papo hapo, lakini hutegemea jicho: wauguzi wawili wanaweza kuona mambo mawili tofauti, na kwa wanawake waliokaribia kukoma hedhi eneo linalotakiwa kuonekana huwa limejificha ndani.

Hapo ndipo mabadiliko ya miaka ya karibuni yananipa matumaini. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kutafuta virusi vyenyewe kwa kipimo cha vinasaba, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli kwa kijiti cha pamba, faraghani, bila kupanda kitanda cha uchunguzi. Aibu ya kupanda kitanda hicho huwazuia wengi. Sampuli hiyo inaweza kupimwa kwa mashine ya GeneXpert, ileile inayotumika kupima makohozi ya kifua kikuu, na jibu likatoka kwa muda wa saa moja hivi. Akikutwa na virusi, muuguzi humkagua, na kama panafaa huchoma sehemu iliyoharibika kwa kifaa cha joto la nyuzi 100 hivi, kinachoshikwa mkononi na kutumia betri. Huchukua chini ya dakika moja kwa kila mguso. Zamani ilibidi mtungi mzito wa gesi ya kugandisha, na gesi ikiisha kazi husimama. Kifaa cha betri kinaweza kupakiwa kwenye pikipiki hadi Ulyankulu.

Na sasa tufike kijijini, kwa msichana ambaye hajaambukizwa. Tanzania ilianza chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018, dozi mbili kwa wasichana wa miaka 14. Dozi ya pili ndiyo iliyokuwa ikipotea: mtoto amehama, ameacha shule, ameolewa. Swali kama dozi moja ingetosha lilijibiwa hapa kwetu. Mwanza, watafiti wa Kitanzania na wenzao wa London waliwachanja wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, wengine dozi moja, wengine mbili au tatu. Kwa waliopata moja, kiasi cha kinga kilikuwa kidogo kuliko cha wengine, lakini kilitulia bila kushuka, na baada ya miaka 2 karibu wote walikuwa bado na kinga mwilini. Nchini Kenya, utafiti wa KEN SHE uliwafuatilia wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, na kwa miezi 18 dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina mbili hatari zaidi, ya 16 na 18, kwa asilimia 97.5. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani liliikubali dozi moja, na Aprili 2024 Tanzania ikahamia huko, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Anayeishi na VVU bado anahitaji angalau mbili.

Wazazi wanaohofia kuwa chanjo inafunga kizazi wanastahili jibu la heshima. Ndani yake mna ganda la protini linalofanana na la virusi, bila vinasaba; haliwezi kuzaliana wala kuleta ugonjwa, na wasichana waliochanjwa duniani tangu 2006 wameendelea kuwa mama. Ninalohofia mimi ni msichana asiye shuleni. Tabora imekuwa miongoni mwa mikoa yenye ndoa nyingi za utotoni, na chanjo inayogawiwa darasani humpita aliyekwisha kuolewa, ambaye ndiye anayekutana na virusi mapema. Wahudumu wa afya ya jamii wapewe kazi ya kumfuata alipo.

Aliyechanjwa bado atahitaji kupimwa akifika miaka 30, kwa kuwa aina 16 na 18 husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi, si zote. Mama zetu na dada zetu wa leo, wenye miaka 30 hadi 49, hawakuwahi kuchanjwa kabisa. Waombe kipimo kituo cha afya hata kama hawasikii lolote, na anayeishi na VVU aanze akiwa na miaka 25. Kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, ni sababu ya kwenda wiki hiyohiyo. Kiuno kikianza kuuma na miguu kuvimba, huenda uvimbe umeshabana mirija ya mkojo, na figo zikishindwa hata sisplatini haiwezi kutolewa.