Kuelewa Utambulisho wa Kijinsia kwa Vijana: Mwanga Kutoka Saikolojia

Kila mwaka wanafunzi wetu wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha, huwa tunaketi nao na kuwasikiliza. Mara nyingi maswali yao huhusu ngeli, insha na uhaba wa vitabu. Safari hii mmoja wao alileta swali la namna nyingine. Aligawa darasa la kidato cha pili kwa ajili ya mdahalo, wavulana upande mmoja na wasichana upande wa pili. Mwanafunzi mmoja alikataa kwenda upande wa wasichana, akabaki amesimama katikati. Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka. Tangu siku hiyo mwanafunzi yule hakuonekana tena katika kipindi cha Kiswahili. "Je, nilikosea wapi?" akatuuliza.

Katika makala hii tunakusudia kulijibu swali hilo kwa msaada wa saikolojia ya msingi. Jambo hili linawahusu walimu wa Kiswahili moja kwa moja. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza. Hivyo basi, mwalimu wetu humpokea kila mtoto katika umri ule ule ambapo mwili unabadilika na maswali kuhusu nafsi huanza.

Jinsi na jinsia

Kwanza tufafanue istilahi. Katika mazungumzo ya kila siku maneno jinsi na jinsia huchanganywa, lakini wataalamu wengi huyatenganisha. Jinsi ni maumbile ya mwili: viungo vya uzazi, homoni na kromosomu. Jinsia ni majukumu, tabia na matarajio ambayo jamii huyaambatanisha na uume au uke. Utambulisho wa kijinsia ni jambo la tatu, yaani hisia ya ndani ya mtu kwamba yeye ni mwanamume, ni mwanamke, au vinginevyo. Kwa watu wengi mambo haya matatu hulingana, nao hawapati sababu ya kuyafikiria. Kwa wachache hayalingani.

Jambo la nne lisichanganywe na hayo, nalo ni mvuto wa kimapenzi. Kujiona nani ni swali moja. Kumpenda nani ni swali lingine. Sheria ya Kupinga Ushoga ya mwaka 2023 inahusu hilo la pili, ila hofu iliyofuata imewafanya baadhi ya walimu kulikwepa hata lile la kwanza.

Sisi walimu wa lugha tuna la kuongeza hapa. Kiswahili hakibagui jinsi katika sarufi. Tunaposema "amefika", msikilizaji hajui kama aliyefika ni wa kiume au wa kike. Luganda nayo ni vivyo hivyo. Lakini mtoto wa Kampala hujifunza tofauti hizo mapema kwa njia nyingine: kwa majina, kwani pacha wa kiume huitwa Wasswa na Kato, wa kike Babirye na Nakato; kwa maamkizi ya "ssebo" na "nnyabo"; na kwa msichana kufundishwa kupiga magoti anapowasalimu wakubwa.

Mtoto hujifunzaje?

Mwanasaikolojia wa Marekani Lawrence Kohlberg alieleza mwaka 1966 kwamba uelewa huu hukua kwa hatua. Akiwa na umri wa miaka miwili au mitatu, mtoto huweza kusema kama yeye ni mvulana au msichana. Karibu na miaka minne huelewa kwamba hali hiyo hudumu, ingawa bado anaweza kudhani kwamba mvulana akivaa gauni amegeuka msichana. Afikapo miaka sita au saba hutambua kwamba mavazi na nywele havibadilishi jinsi ya mtu.

Albert Bandura alisisitiza uigaji. Mtoto hutazama wakubwa, huiga, kisha husifiwa au hukemewa. Sandra Bem naye, mwaka 1981, alieleza kwamba mtoto hujijengea kichwani mfano wa kipi ni cha kiume na kipi ni cha kike, halafu hupima kila kitu, pamoja na nafsi yake, kwa mfano huo. Ndipo unapomsikia mtoto wa chekechea akisema kuchota maji si kazi ya wavulana.

Kwa upande wa vijana, Erik Erikson alifundisha kwamba kazi kubwa ya umri wa kubalehe ni kujibu swali "mimi ni nani?". Kijana hujaribu mitindo, marafiki na imani mbalimbali kabla ya kutulia. Kwa hiyo msichana anayependa mpira na suruali, au mvulana anayependa kupika na kusuka, hana tatizo lolote kwa hilo pekee.

Malezi yana mipaka

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Je, utambulisho wa kijinsia nao hutokana na malezi tu? Kisa kimoja kinatufundisha tahadhari. Mwaka 1965, katika mji wa Winnipeg, Kanada, walizaliwa mapacha wa kiume. Mmoja wao aliumizwa vibaya sana wakati wa kutahiriwa. Kwa ushauri wa mwanasaikolojia John Money, wazazi walimlea kama msichana, wakampa jina la kike na kumvisha magauni. Katika miaka ya 1970 Money alitangaza kwamba jaribio hilo limefaulu. Kumbe mtoto hakuwa na raha hata siku moja. Alipoelezwa ukweli mwaka 1980, akiwa na miaka 14, alirudi kuishi kama mwanamume na kujiita David Reimer. Mwaka 2004 alijiua.

Kisa kimoja hakitoshi kujenga nadharia. Hata hivyo, kinaonyesha kwamba hisia hii ya ndani haiandikwi tu na mzazi au mwalimu kama mtu aandikavyo ubaoni. Maumbile, malezi na nafsi ya mtu huchangia kwa pamoja, na sayansi bado haijaweza kupima kila kimoja kinachangia kiasi gani.

Mifano ya hapa kwetu

Wengine hudhani haya ni mambo ya ugenini. Mwaka 1997, Fountain Publishers ya hapa Kampala ilichapisha kitabu cha Julius Kaggwa, From Juliet to Julius. Mwandishi, Mganda aliyezaliwa na maumbile ya huntha, anasimulia safari yake kutoka kulelewa kama msichana hadi kuishi kama mwanamume. Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015 iliweka kifungu kinachoruhusu kumbukumbu za mtoto huntha kurekebishwa baada ya upasuaji na uthibitisho wa daktari. Nchini Kenya, sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu huntha kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524.

Hata utamaduni una mengi kuliko tunavyokumbuka. Katika Buganda, binti wa ukoo wa kifalme huitwa "ssebo", neno la heshima kwa wanaume. Sylvia Nannyonga-Tamusuza wa Chuo Kikuu cha Makerere ameonyesha katika makala yake ya mwaka 2009 kwamba katika mazingira ya kasri cheo kiliweza kuamua jinsia ya mtu kijamii kuliko mwili wake. Hatusemi kwamba hayo ni sawa na hali ya kijana wa leo. Tunasema tu kwamba wazee wetu walijua kutenganisha mwili na nafasi ya mtu katika jamii.

Vilevile, Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022, liliondoa hali ya utambulisho kutolingana na mwili kutoka sura ya magonjwa ya akili. Hali yenyewe si wazimu. Kinachomuumiza kijana mara nyingi ni dhihaka, upweke na hofu ya kufukuzwa nyumbani.

Mwalimu afanye nini?

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu na swali lake. Kosa halikuwa kutojua. Hakuna mwalimu anayeweza kujua kwa nini mtoto yule alisimama katikati. Pengine alikuwa huntha. Pengine aligombana na wenzake wa upande ule. Pengine naye mwenyewe hakujua. Si kazi ya mwalimu kumpa mtoto jina la hali yake. Kosa lilikuwa kucheka.

Tunapendekeza mambo machache. Kwanza, darasa ligawanywe kwa namba, kwa safu au kwa herufi za majina, mdahalo hauharibiki. Pili, matusi kama "jikedume" yakomeshwe papo hapo, kama tunavyokomesha matusi ya kabila. Tatu, mtoto akija na siri yake, asikilizwe faraghani na siri hiyo isipelekwe chumba cha walimu kuwa hadithi. Nne, akionyesha huzuni ya muda mrefu, kuacha kula au kuzungumzia kifo, apelekwe bila kuchelewa kwa mshauri nasaha au daktari.

Hayo yote hayamtaki mwalimu abadili dini yake wala avunje sheria ya nchi. Yanamtaka amlinde mtoto aliyekabidhiwa. Mwanafunzi wetu ameamua kurudi katika shule ile, akiruhusiwa na mwalimu mkuu, amwombe radhi mtoto yule. Ni matumaini yetu kwamba atamkuta.