Kiwanda cha vita kilichowaponyoka wakulima

MSAFIRI anayetoka Embu kwenda Karatina kupitia Kutus na Kerugoya hupita katikati ya mashamba ambayo hayakosi kijani kibichi. Ni wachache wanaojua kwamba katika miaka ya 1940 mboga za miteremko hii ya Mlima Kenya zilikuwa chakula cha wanajeshi, na kwamba Kerugoya na Karatina zilikuwa na viwanda vya kuzikausha.

Wakati huo Kerugoya ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Embu, kwani Kirinyaga haikuwa wilaya ya kujitegemea hadi mwaka wa 1963. Karatina, iliyo ng'ambo ya mpaka, ilikuwa katika Wilaya ya Nyeri.

Italia ilipojiunga na Vita Vikuu vya Pili vya Dunia mnamo Juni 1940, Kenya iligeuka kuwa kambi kubwa ya majeshi ya Uingereza yaliyojiandaa kupigana Somalia na Ethiopia. Baadaye wanajeshi wa Afrika Mashariki walipelekwa Madagaska na Burma. Wote hao walihitaji kulishwa, na mboga mbichi huoza kabla ya kufika mbali.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa kuzikausha. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za uzani wa kabichi ni maji, na katika viazi maji ni kama sehemu nne kwa tano. Maji hayo yakiondolewa, mzigo wa gunia zima huingia katika debe na kukaa kwa miezi mingi. Kwa kawaida mboga huoshwa, humenywa na kukatwa vipande vyembamba, kisha hutiwa katika maji moto au mvuke kwa muda mfupi ili zisibadilike rangi. Hatimaye hutandazwa kwenye trei na kupitishiwa hewa ya moto. Mpishi jeshini huzirudishia maji tu.

Eneo hili lilifaa kwa kazi hiyo. Mito inayoshuka mlimani haikauki, udongo ni mwekundu wenye rutuba, na reli iliyofika Nanyuki mwaka wa 1930 ilipitia Sagana na Karatina. Wakulima wadogo wakapanda viazi, kabichi na karoti, wengine wakichimba mifereji ya kunyunyizia mashamba ya bondeni. Kwa mara ya kwanza, wengi wao walipata mnunuzi wa uhakika karibu na nyumbani.

Lakini mnunuzi huyo alikuwa mmoja tu. Vita vilipomalizika mwaka wa 1945, jeshi halikuhitaji tena mboga kavu. Isitoshe, maafisa wa kilimo walikuwa na hofu kwamba kilimo hicho cha mfululizo kilikuwa kikimaliza rutuba na kuharibu ardhi. Wakulima wa Karatina waliona mambo kwa jicho jingine. Waliomba kukinunua kiwanda ili wakiendeshe wenyewe, lakini serikali ya kikoloni ilikataa, na kiwanda kikafungwa.

Kukataliwa huko kuliacha kidonda. Jirani zao wa Embu na Meru walikuwa wameruhusiwa kupanda kahawa tangu miaka ya 1930, ilhali katika Nyeri zao hilo lilikuwa bado limezuiwa kwa Waafrika. Kiwanda kilipofungwa, mkulima wa Karatina alipoteza mojawapo ya njia chache halali za kupata fedha kutokana na shamba lake. Vijana waliorudi kutoka vitani nao walikuta milango ya biashara imefungwa. Wanahistoria hulitaja suala la kiwanda hiki miongoni mwa malalamiko yaliyoichochea Nyeri kabla ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952.

Sera ilibadilika baadaye. Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954 uliwafungulia Waafrika kilimo cha mazao ya biashara, na mwaka wa 1957 kiwanda cha majani chai cha Ragati kilianza kazi karibu na Karatina, kikiwahudumia wakulima wadogo. Chai na kahawa zikapata viwanda na vyama vya ushirika vyake. Mboga hazikubahatika vivyo hivyo.

Matokeo yake yanaonekana hadi leo. Mavuno yanapokuwa mengi, mkulima wa kabichi au nyanya hulazimika kukubali bei ya dalali, kwa kuwa bidhaa yake haiwezi kungoja hadi kesho. Wanasiasa huahidi viwanda vya kuongeza thamani, na ahadi hiyo ni njema. Hata hivyo, waliokuwapo miaka ya 1940 walijifunza kwamba kuwa na kiwanda kijijini hakutoshi. Swali lao lilikuwa nani atakimiliki mnunuzi wa kwanza akiondoka, na ndilo swali ambalo mkulima wa sasa anapaswa kuuliza kabla jiwe la msingi halijawekwa.