Kukusanya na Kufahamu Mahali: Maelezo juu ya Mchezo wa Video «Banjo-Kazooie»

Miongoni mwa michezo ya video iko jamii moja ambayo kanuni yake ni nyepesi kutamka: mchezaji humwongoza mhusika akimbie, aruke kutoka jukwaa hadi jukwaa, na kuokota vitu vilivyotawanywa njiani. Michezo ya namna hiyo ni mingi, na iliyo mingi imesahauliwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini mmojawapo, yaani «Banjo-Kazooie», uliotolewa mwaka 1998 na kampuni ya Rare ya Twycross, Uingereza, kwa ajili ya mashine ya Nintendo 64, ungali ukichezwa na kujadiliwa. Rai yetu ni hii: mchezo huo humfundisha mchezaji kufahamu mahali, na chombo chake cha kufundishia ni kule kukusanya.

Hadithi yenyewe haina mengi. Mchawi Gruntilda amemteka Tooty, dada mdogo wa dubu Banjo, ili ajitwalie uzuri wake. Banjo anakwenda kumkomboa pamoja na Kazooie, ndege anayekaa ndani ya mkoba wake wa mgongoni. Wasomaji wetu waliozoea ushairi watapenda kujua kwamba mchawi huyo husema kwa vina, hata anapotukana.

Ndani ya jumba la mchawi mna malango ya nchi 9. Kila nchi ina vipande 10 vya fumbo la picha, noti 100 (za muziki, si za benki), na viumbe vidogo 5 waitwao Jinjo, ambao wakiokolewa wote humpatia mchezaji kimoja cha vipande vile 10. Vipande hupachikwa katika picha zilizotundikwa jumbani. Picha ikikamilika, lango la nchi nyingine hufunguka. Lugha yetu yalieleza jambo hili vema kuliko lugha ya watungaji wenyewe. Kwetu «fumbo» latokana na kufumba, na kinyume chake ni kufumbua. Katika mchezo huu kufumbua fumbo na kufungua mlango ni tendo moja. Picha ya kwanza yahitaji kipande 1 tu, ile ya nchi ya mwisho 15. Noti nazo zina milango yake: wa kwanza hudai noti 50, na ule wa kumfikia Gruntilda mwenyewe hudai 810 kati ya 900.

Ubora wa mpango huu waonekana hasa katika namna noti zilivyowekwa. Husimama kwa mafungu madogo juu ya daraja, pembeni mwa mteremko, nyuma ya nyumba, chini ya maji. Jicho huona moja kwa mbali, mguu hufuata, na mchezaji akifika hukuta jambo ambalo hakulitafuta. Ramani hakuna, wala haihitajiki, kwa sababu nchi ni ndogo na nyingi kati yake zina kitu kimoja kikubwa cha kumwelekeza mtu: mnara wa taa katika Treasure Trove Cove, samaki mkubwa wa chuma katika Clanker's Cavern, mti katika Click Clock Wood. Katika «Super Mario 64», mchezo mashuhuri wa mwaka 1996, kwa kawaida mchezaji akipata nyota hutolewa nje ya nchi, naye hulazimika kuingia upya. Hapa huachwa akae mpaka apazoee.

Nchi ya Click Clock Wood yastahili maneno zaidi. Mti ule ule huonyeshwa katika majira manne. Katika majira ya kuchipua mchezaji huangua yai la tai. Wakati wa joto humlisha kinda viwavi 5. Majani yanapopukutika humletea 10. Na wakati wa baridi tai aliyekomaa huleta kipande cha fumbo. Kipande hicho kimoja hakipatikani ila kwa mtu aliyepanda mti ule ule mara nne na kuukumbuka. Hata muziki wa Grant Kirkhope hufanya kazi ya namna hiyo: jumbani wimbo ni mmoja, lakini ala hubadilika kila mchezaji anapokaribia lango fulani, na sikio hutambua njia kabla ya jicho.

Kampuni ile ile ilitoa «Donkey Kong 64» mwaka 1999, nao waonyesha jinsi kanuni hiyo inavyoharibika. Wahusika ni 5, na kila nchi ina ndizi za rangi 100 kwa kila mmoja wao, jumla 500. Mchezaji huona ndizi asiyoweza kuiokota, hurudi kubadilisha mhusika, kisha huja tena palepale. Vitu vimeongezeka, mahali hapakuongezeka. Ni hesabu ya karani wa ghala.

Kuelekea mwisho wa «Banjo-Kazooie» mchawi humtahini mchezaji kwa maswali. Huonyeshwa picha ya kona fulani na kuulizwa ni ya nchi gani, au husikilizishwa sauti na kuulizwa ni ya nani. Aliyekusanya bila kutazama hushindwa hapo.

Limebaki jambo moja linalobishaniwa. Katika toleo la mwaka 1998, mchezaji akifa au akitoka katika nchi, hesabu ya noti hubaki kuwa ile ya juu kabisa aliyoifikia, lakini akitaka kuipita hana budi kuanza upya kutoka sifuri. Toleo la Xbox 360 la mwaka 2008 liliondoa sharti hilo: noti iliyookotwa imeokotwa. Wengi walishukuru, na hatuwalaumu, kwani kupoteza noti 90 kwa kuteleza mara moja kunauma. Hata hivyo twaona sharti la zamani lilikuwa na akili yake. Katika bandari ya Rusty Bucket Bay mna chumba cha mitambo ambamo noti zimewekwa juu ya vyuma vinavyozunguka, na anayeanguka hufa papo hapo. Wachezaji wa toleo la kwanza walijifunza kwenda huko kabla ya kuokota noti nyingine yoyote bandarini.