Mboga za Kambini: Yaliyonikuta Mikumi Mbele ya Mama Mkwe

Leo tuache kidogo viwavi na mbolea, tuongelee chakula cha kambini kisicho na nyama. Kama unalima bustani kwa ajili ya soko, hii ni biashara yako kabisa.

Mwaka juzi wakwe zangu walikuja Morogoro kutoka Mara. Tukapanga kwenda kulala Mikumi usiku mbili, watu saba. Wakwe zangu ni Wasabato, nyama hawagusi. Tulipanga tuondoke Jumapili, maana Jumamosi hawapiki. Nikasema kwa kujiamini, suala la chakula niachieni, mimi si ndiye bwana shamba?

Mboga nilichukua kwa kijana mmoja ninayemhudumia kule Mgeta: mchicha, figiri, nyanya na karoti. Nikamwambia aoshe kila kitu ili tusihangaike na maji kambini. Akaosha, akashindilia kwenye kiroba, akafunga mdomo. Tulipita kuchukua saa saba mchana.

Sasa, Mgeta ni milimani, kuna baridi. Mikumi ni bondeni na joto lake unalijua. Jumatatu jioni nafungua kiroba, harufu ikanijibu kabla sijauliza. Majani yamekuwa uji. Nyanya zote zimeiva kwa mpigo, za chini zimepasuka. Maharage sikuyaloweka, yakachemka mpaka mtungi mdogo wa gesi ukaisha, bado magumu. (Na maharage mekundu yaliyoiva nusu usiyaonje hata kidogo. Yana sumu ya asili inayotapisha, mpaka yachemke sawasawa.) Mama mkwe akala ugali kwa karanga na chumvi. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, si ulisema wewe ndiye bwana shamba?"

Kijana hakuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Mboga ikishachumwa bado inapumua na kutoa joto. Ukiifunga ikiwa na maji, bila hewa, unaipika taratibu.

Mwaka jana tukarudi, na safari hii ratiba ya chakula niliipanga kwa umri wa mboga. Inayokufa mapema inaliwa mapema. Jumapili jioni mchicha wa karanga na wali, kilo moja ya mchele ikatutosha wote saba. Jumatatu mchana bilinganya na nyanya chungu kwa ugali. Jumatatu usiku choroko nusu kilo kwa nazi. Choroko haihitaji kulowekwa na inaiva chini ya saa moja, gesi inabaki. Nazi tulibeba nzima pamoja na mbuzi yake, kwa sababu tui likilala kwenye joto lile linachacha. Jumanne kabichi, karoti na viazi, na bado vilikuwa vizima kama vimetoka shambani.

Shambani tulibadilisha mambo machache tu. Majani yalichumwa alfajiri, hayakuoshwa, yakapangwa kwenye kreti na kufunikwa khanga yenye unyevunyevu. Maji yanapokauka kwenye kitambaa yanaondoka na joto. Karoti zilikatwa majani, maana majani yanaendelea kunyonya maji ya karoti. Kabichi iliachiwa majani ya nje. Nyanya zilichaguliwa za rangi tatu: zilizoiva, zinazoanza kugeuka, na za kijani iliyokomaa. Ndizi mbivu zilikaa mbali na vingine vyote, kwa sababu zinatoa gesi ya ethilini inayoivisha nyanya na kuyageuza majani kuwa ya njano. Viazi vilikaa gizani, vikipigwa jua vinageuka kijani na hapo ni sumu.

Jambo moja nje ya kilimo: kambi za Mikumi hazina uzio. Matunda yasilale ndani ya hema, hasa penye watoto. Tembo ananusa kutoka mbali, na mchana nyani hawaombi ruhusa. Waulize askari wa hifadhi sehemu ya kuyaweka.

Yule kijana sasa anauza kreti za safari. Mteja akipiga simu anamuuliza maswali matatu: mko wangapi, mnalala siku ngapi, mna friji au hamna? Kisha anapanga mboga kwa siku, ya kwanza kuliwa juu, ya mwisho chini. Bei yake iko juu kuliko sokoni na mimi nalipa bila kubishana, maana najua nakula mpaka siku ya mwisho. Ukitaka kujaribu, anza na kreti mbili tatu za watu unaowafahamu, uwaulize wakirudi nini kilioza.

Mwezi wa nane tunaenda tena. Mama mkwe ametaka njegere mbichi. Nimeshamwambia kijana azichume asubuhi ileile ya safari, maana njegere zikikaa utamu wake unageuka wanga, na mimi sitaki kuulizwa swali lile mara ya pili.